Ovaroli, miwani na mabuti: kwa nini wahudumu wa Ebola na Marburg huvaa vile?

Ebola au Marburg inapotangazwa, swali moja huzunguka vijijini haraka kuliko gari la wagonjwa. Kama ugonjwa huu hausambai kwa hewa, mbona watu wa afya wanajifunika kuanzia utosini hadi kwenye nyayo? Na kama wao wenyewe wanaogopa kiasi hicho, sisi tusio na hata glavu tufanyeje?

Ni maswali ya haki. Mahali ambapo watu waliyauliza wakakosa majibu, walikimbilia porini, waliwaficha wagonjwa ndani, na wengine waliwapiga waliokuja kuwatibu. Makala hii inaeleza vazi hilo kipande kwa kipande, hatari yake kwa anayelivaa, na mambo ambayo una haki ya kumwomba mhudumu kabla hajaingia nyumbani kwako.

Si ugonjwa wa mbali

Wakazi wa Kagera hawahitaji kusimuliwa. Machi 2023 Marburg ilithibitishwa Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, akiwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa ukaibuka tena mkoani humo, safari hii Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa kwa vipimo na wengine 8 walihesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote 10 walifariki.

Kwa majirani zetu wa mashariki mwa Kongo hali ilikuwa nzito zaidi. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini ikafika hadi Ituri, na haikutangazwa kwisha mpaka Juni 2020. Zaidi ya watu 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walikufa.

Ebola ya aina ya Zaire, ile iliyokuwa Kongo, ina chanjo. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa mpaka sasa. Kwa hiyo mlipuko wa Marburg unapotokea, kinga kubwa ya muuguzi anayemhudumia mgonjwa ni kile alichovaa na jinsi anavyokivua.

Ugonjwa unapita wapi?

Virusi vya Ebola na Marburg vimo katika majimaji ya mwili wa mgonjwa: damu, matapishi, choo, mkojo, mate, jasho, shahawa na maziwa ya mama. Huingia kwa mtu mwingine kupitia macho, pua, mdomo au ngozi iliyochubuka, hata kama mchubuko ni mdogo usioonekana.

Mtu aliyeambukizwa ambaye bado hana dalili haambukizi wengine. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Kadiri anavyozidi kuumwa, virusi mwilini huongezeka. Mwili wa aliyefariki ndio wenye hatari kubwa kuliko yote.

Hapo ndipo jibu la swali letu la kwanza lilipo. Wewe ukikutana na mtu barabarani, mkasalimiana kwa mbali, hatari yako ni ndogo sana. Muuguzi yuko katika hali nyingine kabisa. Anamwinua mgonjwa anayetapika, anamsafisha anayeharisha, anamchoma sindano ya dripu, anaondoa mashuka yaliyolowa. Anafanya hivyo kwa mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa kumi, kila siku.

Mkulima ataelewa upesi. Anayepita kando ya shamba linalopuliziwa dawa hahitaji kujifunika kama yule aliyebeba bomba mgongoni. Dawa ni ile ile, lakini kazi zao si sawa.

Somo lililolipiwa kwa maisha

Mavazi haya yana historia ya misiba nyuma yake.

Mwaka 1976, Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, hospitali ya misheni ilikuwa ikitumia sindano zile zile kwa wagonjwa wengi. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa.

Mwaka 1995, katika mji wa Kikwit, watu 315 waliugua. Takriban 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Glavu, barakoa na mafunzo vilipofika, maambukizi kwa wahudumu yalipungua mno.

Mwaka 2000 Ebola ilifika Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dk. Matthew Lukwiya, aliyeongoza hospitali ya Lacor, ndiye aliyeutambua ugonjwa mapema na kuwapanga wenzake kupambana nao. Inaelezwa kwamba usiku mmoja aliitwa kwa dharura kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa mgonjwa. Alikwenda amevaa gauni, glavu na barakoa, lakini macho hayakufunikwa. Alifariki Desemba mwaka huo.

Kisha ukaja mlipuko mkubwa kuliko yote, Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Zaidi ya watu 11,000 walikufa, na wahudumu wa afya zaidi ya 800 waliambukizwa. Muuguzi mmoja akifa, wagonjwa wake wote wanabaki bila mtu. Wengine wanaacha kazi kwa hofu, zahanati inafungwa, na mama mjamzito au mtoto mwenye malaria anakosa pa kwenda.

Kwa hiyo unapomwona mhudumu amejifunika, usidhani anakukwepa. Amejifunika ili akusogelee, akushike, na kesho arudi tena.

Vazi lenyewe, kipande kwa kipande

Vituo hutofautiana kidogo, lakini mhudumu anayeingia kwenye wodi ya Ebola au Marburg kwa kawaida huvaa hivi:

• Nguo za kazi za hospitali. Nguo zake za nyumbani, saa, pete na simu huviacha nje.

• Mabuti ya mpira, kama yale ya kuingilia shambani wakati wa mvua. Huchaguliwa kwa sababu hayapitishi maji na yanaoshwa kwa dawa.

• Glavu mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ikichafuka au kuchanika, ya ndani bado inalinda.

• Ovaroli au gauni refu lisilopitisha majimaji. Mara nyingi huwa jeupe, la njano au la bluu. Rangi haina maana yoyote ya siri; hutegemea kiwanda kilicholitengeneza.

• Barakoa, kufunika pua na mdomo.

• Miwani mikubwa inayobana usoni, au ngao ya plastiki angavu inayofunika uso wote. Macho ni mlango wa ugonjwa kama ulivyo mdomo.

• Kofia inayofunika kichwa na shingo.

• Aproni ya plastiki juu ya vyote, kwa sababu sehemu ya mbele ndiyo hupata matapishi na damu.

Mwisho, mwenzake huandika jina lake kwa kalamu nzito kwenye aproni au kwenye paji la kofia, na saa aliyoingia. Ndani ya vazi hilo hata ndugu wa tumbo moja hawatambuani.

Hakuna anayevaa peke yake. Wawili wawili huvishana na kukaguana: ngozi ya shingo imeonekana? Glavu imefunika mkono wa ovaroli? Wakiingia pamoja, wanatoka pamoja.

Kwa nini hawakai muda mrefu?

Ndugu wengi wa wagonjwa hulalamika: "Daktari aliingia, hakukaa hata saa moja, akatoka." Sababu ni joto.

Plastiki isiyoingiza maji haitoi jasho pia. Kwenye jua letu, joto ndani ya ovaroli linaweza kupita nyuzi 40. Jasho hujaa kwenye mabuti, miwani hupata ukungu, kichwa huanza kuzunguka. Vituo vingi humruhusu mhudumu kukaa ndani dakika 40 hadi saa moja tu. Ukungu ukimzuia kuona vizuri, hutakiwa kutoka hata kama kazi haijaisha, kwa kuwa asiyeona vizuri anaweza kujichoma sindano.

Humo ndani hawezi kunywa maji, kufuta jasho wala kujikuna pua. Ndiyo maana hufanya kazi kwa zamu: mmoja akitoka, mwingine ameshavaa.

Hatari kubwa ni wakati wa kuvua

Wengi hudhani hatari iko kitandani kwa mgonjwa. Walioifanya kazi hii wanajua kwamba mahali pa kuogopa ni pale pa kuvulia. Mtu amechoka, ana kiu, anatamani hewa, na nje ya vazi lake pamejaa virusi. Kosa dogo tu, kama kugusa shavu kwa glavu, linatosha. Mwaka 2014 muuguzi wa Hispania aliambukizwa Ebola katika hospitali yenye kila kifaa, na ilielezwa kuwa huenda aligusa uso wake kwa glavu alipokuwa akivua.

Kwa hiyo kuvua kuna utaratibu, na kuna msimamizi anayesimama kando akisoma hatua moja baada ya nyingine kwa sauti. Kwanza huosha mikono akiwa na glavu. Huvua aproni, anaosha. Kofia, anaosha. Ovaroli na glavu za juu, akiviringisha ili upande mchafu ubaki ndani, anaosha. Miwani huvuliwa kwa kushika mkanda wa nyuma ya kichwa, wala si mbele. Anaosha. Kisha barakoa, nayo kwa nyuma. Mabuti husafishwa. Glavu za ndani ndizo za mwisho, na mikono mitupu huoshwa tena.

Maji ya kuoshea huwa na klorini, dawa ile ile inayotumika kusafishia maji ya kunywa, ila hapa ni kali zaidi. Harufu yake ndiyo unayoisikia ukipita karibu na kituo. Haileti ugonjwa, inaua virusi.

Mabuti, miwani na baadhi ya aproni huoshwa na kutumika tena. Vilivyobaki huchomwa moto kwenye tanuri au shimo la kituo. Ukikuta glavu, barakoa au ovaroli imetupwa njiani au jalalani, usiiokote hata kama inaonekana mpya, na uwazuie watoto. Toa taarifa.

Kwa nini vazi hili limetisha watu?

Hapa lazima tuseme ukweli wa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni uvumi. Watu waliona kwamba waliovaa meupe wakifika, vifo vinafuata, wakahitimisha kwamba wao ndio wanaoleta ugonjwa. Lakini timu huitwa mahali ambapo ugonjwa umeshaingia. Zima moto huonekana penye moto, na hakuna anayesema yeye ndiye aliyewasha. Hata hivyo uvumi uliua. Septemba 2014 watu 8 wa timu ya kutoa elimu, wakiwemo wahudumu wa afya na waandishi wa habari, waliuawa katika kijiji cha Womey nchini Guinea. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo, Kivu Kaskazini, vilishambuliwa na kuchomwa moto. Aprili mwaka huo Dk. Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi mjini Butembo. Kila shambulio lilisimamisha kazi, na ugonjwa ukapata nafasi ya kuenea.

Upande wa pili ni makosa ya timu zenyewe. Mwanzoni baadhi zilifika tayari zimevaa, zikashuka garini bila salamu, zikapulizia dawa, zikachukua mgonjwa au maiti na kuondoka. Familia haikujua ndugu yao amelazwa wapi wala amezikwa wapi. Kwa jamii ambayo hata mpita njia hubisha hodi na kusubiri akaribishwe, mtu asiye na uso anayeingia bila neno ni wa kuogopwa. Hofu ile haikuwa ujinga.

Kilichobadilika

Mambo mengi yamerekebishwa, na mengi ni madogo yasiyogharimu fedha.

Wanafika na nguo za kawaida. Mwongozo wa mazishi salama na ya heshima uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 unataka timu ifike bila mavazi ya kujikinga. Kwanza wasalimie, watoe pole, waulize nani msemaji wa familia, waeleze watakachofanya na wakubaliane. Ndipo wavae, tena mbele ya watu, ili kila mmoja aone kwamba aliye ndani ni binadamu aliyekuwa akizungumza naye dakika chache zilizopita.

Familia ina nafasi msibani. Inaweza kuchagua sanda au jeneza, kuonyesha mahali pa kaburi, kushuhudia kwa umbali salama na kufanya sala. Kwa Waislamu, mwili usipoweza kuoshwa kwa maji, mwongozo unaruhusu tayamamu ifanywe na Mwislamu wa timu aliyevaa kinga. Kwa Wakristo, padri au mchungaji hualikwa. Kinachokatazwa ni kuugusa, kuubusu na kuuosha mwili kwa mikono yetu.

Uso unaonekana. Mwaka 2015 nchini Liberia, msanii mmoja kutoka Marekani aliwapiga wahudumu picha wakitabasamu, na picha hizo zikabandikwa kifuani juu ya ovaroli. Mgonjwa aliyekuwa akiona macho mawili nyuma ya plastiki sasa alijua anahudumiwa na nani.

Chumba ndicho kinachovaa kinga. Beni, mashariki mwa Kongo, mwaka 2018 vilitumika vyumba vya plastiki angavu. Mgonjwa hulala ndani, na muuguzi akiwa nje huingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshonwa ukutani. Anaweza kukaa naye muda mrefu bila ovaroli, na ndugu wanamwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Mlipuko huo pia uliwapa kazi waliopona: mjini Beni na Butembo walilea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Mbona wengine hawavai?

Huenda ukamwona mchanjaji ana glavu tu, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii amekuja na kipima joto bila ovaroli, ukajiuliza kama ugonjwa upo kweli. Kumbuka mfano wa bomba la dawa. Anayewafuatilia watu wasio na dalili, akisimama umbali wa mita moja au zaidi bila kuwagusa, hahitaji vazi zima. Anayembeba mgonjwa au maiti analihitaji lote.

Kuvaa kupita kiasi nako kuna madhara: joto, uchovu, hofu kwa watu, na vifaa kuisha kabla ya anayevihitaji hajavipata.

Na wewe usiye na ovaroli?

Kinga yako si kujitengenezea vazi. Mifuko ya nailoni mikononi huchanika, na kuivua bila mafunzo kunaweza kukuchafua zaidi. Kinga yako ni umbali na kuwahi kutoa taarifa. Mtu wa nyumbani akipata homa kali ya ghafla, uchovu, maumivu ya kichwa na misuli, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, na eneo lenu lina mlipuko:

1. Mpe chumba au kona yake, na chombo chake cha chakula, cha maji na cha kujisaidia.

2. Chagueni mtu mmoja tu wa kumpelekea mahitaji. Wengine, hasa watoto na wajawazito, wakae mbali.

3. Msimguse. Mwekeeni maji na chakula karibu, ajihudumie kama anaweza. Msiguse matapishi, choo wala nguo zake.

4. Oshea mikono sabuni na maji yanayotiririka kila mara.

5. Toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa afya wa jamii, zahanati au mwenyekiti wa kijiji. Nchini Tanzania piga 199 bila malipo. Usimpakie kwenye bodaboda wala daladala.

6. Akifariki, msiuoshe mwili wala kuuhamisha. Subirini timu.

Kuwahi kunaokoa. Mgonjwa anayepata maji, chumvi na uangalizi mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko aliyefichwa ndani kwa wiki.

Una haki ya kuuliza

Timu ikifika kwako, mkiwa mmesimama kwa umbali, unaweza kuwaambia haya bila kuogopa:

• Tunaomba kuwaona sura na kujua majina yenu kabla hamjavaa.
• Mnampeleka wapi, na tutapata habari zake kwa nani?
• Nani kati yetu anaweza kuja kumwona, na atasimama wapi?
• Mtachoma au kupulizia dawa vitu gani, na tutafidiwaje godoro na nguo?
• Akifariki, tutashirikije mazishi, na kaburi litawekwa jina?

Timu iliyofunzwa vizuri itakuwa tayari na majibu. Ikikosa, mwite mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini asimame kati yenu na kuongea nao. Usichukue jiwe, na usimtoroshe mgonjwa kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa jirani atakayemshika njiani hana ovaroli.